Chumba cha kijana London, mwenye nyumba ni mtu wa kwetu

Mama wa Chuno, Mtwara:

Asalaam aleikum ndugu zangu, mlioko huko na tulioko nyumbani. Kijana wangu anakuja kusoma London. Amepata chumba kwenye nyumba ya Mtanzania mwenzetu, asili yake Lindi. Humo wataishi watu sita, kila mmoja chumba chake, jiko na choo vya pamoja. Mwenye nyumba haishi hapo. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, itumwe kabla kijana hajasafiri. Miezi sita hainishangazi, hata hapa Mtwara ndiyo kawaida, na dalali naye ana chake. Lakini hapa mkataba unapita kwa mwenyekiti wa mtaa, muhuri unagongwa, na mwenye nyumba kwao nakujua. Huko namuuliza nani? Hela hii ni ya korosho, ikipotea mpaka msimu mwingine.

Mwana wa Mikindani, London:

Waaleikum salaam. Shikamoo mama. Usitume chochote kwanza.

Watu sita wasio wa familia moja wakitumia jiko au choo kimoja, nyumba hiyo lazima iwe na leseni ya halmashauri. Leseni hizi zimetokana na Sheria ya Nyumba ya 2004. Mwanzoni zililazimisha nyumba kubwa za ghorofa tu, ila tangu tarehe 1 Oktoba 2018, England yote, watu watano wanatosha kuilazimu, hata nyumba iwe ya chini. Nyumba ya namna hiyo, ya wapangaji wasio familia moja, wenyewe wanaiita HMO. Wakiwa watatu au wanne, inategemea halmashauri. Na zipo halmashauri zinazodai leseni hata kwa nyumba ya familia moja; Newham, hapa hapa London, ilianza hivyo mwaka 2013. Kwa hiyo usisikilize anayekwambia "mimi kwangu hawanidai". Uliza halmashauri ya nyumba hiyo.

Unauliza umuulize nani. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na daftari la leseni ambalo mtu yeyote anaweza kulitazama, na nyingi wameliweka kwenye tovuti. Mwombe huyo ndugu anwani kamili pamoja na postikodi, kisha kijana atafute. Aangalie jina la mwenye leseni na idadi ya watu walioruhusiwa. Leseni ya watu wanne haiwafuniki sita. Asipoiona, awaandikie baruapepe idara ya leseni za nyumba. Mwenye nyumba akisema "nimeshaomba, bado inashughulikiwa", inawezekana kabisa ni kweli, basi atoe namba ya maombi na halmashauri ithibitishe.

Halafu ukubwa wa chumba. Mwambie apime kwa tepu, au apigiwe picha tepu ikiwa sakafuni. Kwenye nyumba ya leseni ya namna hii, chumba cha mtu mzima mmoja kulala kisipungue mita za mraba 6.51, na wawili 10.22. Pale paa linaposhuka chini ya mita moja na nusu, sehemu hiyo haihesabiwi. Nimeingia vyumba ambavyo ukifungua kabati mlango hauna pa kwendea, na mtu analipa kila mwezi bila kusema neno kwa sababu mwenye nyumba ni mtu wa kwao.

Hapo ndipo panaponiuma. Watu wetu wanaona aibu kumuuliza Mswahili mwenzao karatasi. Mama, kuuliza leseni si kumvunjia mtu heshima. Moto ukizuka usiku, undugu haumtoi mtoto chumbani. Kinachomsaidia ni king'ora cha moshi kinacholia na mlango wa jikoni unaojifunga wenyewe, na hivyo ndivyo wakaguzi wa leseni wanavyoangalia.

Dipoziti, yaani hela ya dhamana, nayo ina kikomo: kwa kodi za kawaida isizidi kodi ya wiki tano, na ndani ya siku 30 iwe imewekwa kwenye mpango wa kulinda dipoziti unaotambuliwa na serikali.

Dada wa Nachingwea, Glasgow:

Niongeze kidogo, maana wengine mko huku. Scotland karibu kila mwenye nyumba wa kupangisha anajisajili, na tangazo la nyumba linatakiwa kuonyesha namba yake ya usajili. HMO huku inaanzia watu watatu. Wales nako wana usajili wao wa nchi nzima, Rent Smart Wales. Msichukue sheria ya London mkaipeleka kila mahali.

Mama wa Chuno, Mtwara:

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Kijana ametafuta, nyumba haipo kwenye daftari, na halmashauri wamemjibu hawana maombi yake. Chumba ni mita 2.8 kwa 2.1. Sasa anaogopa: akiingia kisha ikajulikana, si yeye mgeni ndiye atakayepata matatizo na viza?

Mwana wa Mikindani, London:

2.8 kwa 2.1 ni 5.88. Hakifai hata leseni ingekuwepo.

Kosa la kukosa leseni ni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Halmashauri inaweza kumtoza faini ya maelfu ya paundi, au kumpeleka mahakamani. Mpangaji naye anaweza kwenda kwenye baraza la migogoro ya nyumba akaomba arudishiwe kodi aliyolipa. Sheria ya 2016 iliweka mwisho kodi ya miezi 12, na ya 2025 imeongeza hadi 24. Kwa hiyo aliyekwisha kuingia asikimbie kimyakimya. Aendelee kulipa, lakini kwa benki, si mkononi, na atunze kila ujumbe. Kodi bado inadaiwa hata kama leseni haipo.

Kwa kijana wako bado ni rahisi, hela iko Mtwara. Mwambieni huyo ndugu kwa adabu kwamba chumba mmekiacha. Kijana aombe hosteli ya chuo kwa mwaka wa kwanza, na ofisi ya makazi ya chuo aiandikie leo hii, kwa kuwa vyumba vya bei nafuu huisha mapema. Akikosa, anitumie anwani yoyote atakayoipata, nitakwenda kuiona mwenyewe na tepu yangu kabla hujatuma hata shilingi.