Naomba ushauri: nikienda Bukavu, nani atabaki na wazazi wangu?

Wandugu, niko Goma, kwetu ni Majengo. Baba na mama wote wawili wana ulemavu wa akili tangu utotoni. Si wendawazimu, jinsi majirani wanavyosema. Wanatupenda, wanafanya kazi, ila hesabu na karatasi haziwaingii.

Baba anasukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Tangu nina miaka saba, kila jioni ananifungulia kiganja, franga zimeloa jasho: "Hesabu, mama." Mara nyingi wamempunja.

Mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na tukaamriwa kuhama, mimi ndiye niliyewashika mkono mpaka Sake. Nilikuwa na miaka 14. Mama alitaka kurudi kuchukua sufuria, nikamfokea mbele ya watu. Mpaka leo inaniuma.

Sasa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Bukavu. Mdogo wangu ana miaka kumi, sitaki abebe mzigo niliobeba. Shangazi yupo, lakini anawasemesha kama watoto, na pesa ikipita kwake hairudi.

Ninyi mliolelewa na wazazi kama wangu, mlipotoka nyumbani mlimwachia nani hesabu? Na niwaambieje, wasidhani ninawakimbia?