freebsd-update: tuiandike upya au tuhamie vifurushi?

langoni
Asalaam aleikum. Mashine sita Lamu mjini, zote zinaendeshwa na mfumo endeshi wa FreeBSD 14 na zote kwenye laini moja ya simu: nne amd64 (vichakato vya Intel au AMD), mbili Raspberry Pi 4. Kwenye Pi, chombo cha kusasisha mfumo, `freebsd-update fetch`, hufika "Inspecting system..." ikatulia muda mrefu, kisha huvuta viraka vidogo vidogo. Chombo chenyewe ni skripti ya shell. Je, kuiandika upya kwa C kutasaidia?

shela
Waaleikum salaam. Jua kwanza muda unaliwa wapi. Pale inapotulia inasoma faili za mfumo moja moja na kukokotoa sha256 (alama ya kuhakiki yaliyomo). Kwenye kadi ya SD kinachokawiza ni kusoma kadi, na hilo C hailiondoi. C ingeokoa muda baadaye: kila kiraka hupitia gunzip (kufungua), bspatch (kutia kiraka), sha256 kisha gzip (kubana), na kila hatua ni mchakato mpya.

Lakini ukiiandika upya unabeba pia uhakiki wa sahihi za kidijitali, `rollback` (kurudisha sasisho nyuma) na kuunganisha faili za mipangilio za /etc. Kosa dogo hapo linaiacha mashine haiwaki. Tena FreeBSD 15.0, iliyotoka Desemba 2025, tayari inakuruhusu kusimika msingi wa mfumo kwa vifurushi vya `pkg`, chombo cha kusimika programu. Jasho lako lielekeze huko.

malindi_pwani
Ndugu shela, hapo kwenye vifurushi sikubali moja kwa moja. Kiraka cha bsdiff, anachovuta freebsd-update, hubeba tofauti tu. `pkg` huvuta kifurushi kizima hata kama imebadilika faili moja ndani yake. Kwa anayelipia bando, hilo si jambo dogo.

Langoni, weka Squid (seva inayotunza nakala za vilivyovutwa) kwenye mashine moja. freebsd-update huvuta kwa HTTP tupu (usalama uko kwenye sahihi na sha256), kwa hiyo Squid inaweza kuhifadhi kila kitu:

`env HTTP_PROXY=http://192.168.1.10:3128 freebsd-update fetch`

Ongeza `maximum_object_size`, maana kawaida yake ni MB 4, na uiandike kwenye mstari ulio kabla ya `cache_dir`. Mashine zote ziwe toleo moja hadi namba ya -p (namba ya kiraka). Iliyo -p2 na iliyo -p5 haziombi viraka vilevile, na Pi hazigawani chochote na amd64.

shela
Kweli, bando ni hoja. Ukihamia vifurushi, vuta mara moja kwa `pkg fetch`, tengeneza hazina kwa `pkg repo`, zile nyingine zivute humo kupitia nginx (seva ya wavuti). Hazina moja kwa kila aina ya kichakato. Ukishahama, kabla ya kuwasha upya, tafuta `.pkgsave` (faili zako za zamani zilizowekwa kando) ndani ya /etc, hasa master.passwd na sshd_config. Ukiipita hiyo, unaweza kujifungia nje.

Ukibaki na freebsd-update, baada ya `upgrade` endesha:

`grep -rl '^<<<<<<<' /etc`

Alama hizo za mgongano wa kuunganisha faili zikibaki ndani ya rc.conf au group, mashine itakwama ikiwaka.

langoni
Shukrani. Umeme ukikatika katikati ya `install`?

malindi_pwani
Kwenye mfumo wa faili wa ZFS, hifadhi mfumo ulivyo sasa kwa `bectl create kabla` kisha uendelee. Ikiharibika, chagua `kabla` kwenye menyu ya kuwasha. Pi zako, kama zilisimikwa kwa picha rasmi, zina mfumo wa faili wa UFS, na UFS haina kinga hiyo. Zima Pi, toa kadi, inakili yote kwa `dd` kwenye diski nyingine, ndipo uguse `install`.