Naomba ushauri: utafiti wa ujumbe wa sauti kati ya mama na mtoto aliye mbali

Wakuu, habari zenu. Nasomea uzamili wa mawasiliano ya umma. Tasnifu yangu inahusu ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ulioanza 2013, kati ya akina mama wa Tanga na watoto wao walioko Muscat, Oman.

Mama yangu kuandika kunamsumbua. Akirekodi, nyuma jogoo anawika, sufuria zinagongana. Dada huko Oman husikiliza mara tatu kabla ya kulala. Enzi za mjomba tulituma kaseti, zikifika baada ya wiki kadhaa.

Msimamizi anataka hojaji tu. Hojaji itanipa idadi ya ujumbe, lakini haitaniambia kwa nini dada anarudia kusikiliza. Nimshawishije? Na ridhaa niiombe kwa mama, kwa mtoto, au wote wawili?