Ramadhani hadi Sikukuu: vipi mtu abakie kwenye mpango wake wa kula?

Bint_Jangombe

Assalaam alaykum wenzangu. Mpango wangu wa kula ni mwepesi tu: nusu sahani mboga, robo kitoweo, robo wanga, mafuta vijiko viwili vya mezani kwa siku, sukari ya kuongeza isizidi vijiko sita vya chai. Sina kisukari wala presha, nataka tu kilo zilizotoka zisirudi.

Sasa Ramadhani hiyo imekaribia. Nyumba yetu ni ya kupika pamoja, mwenye jiko mama mkwe. Futari ni muhogo wa nazi, ndizi au majimbi, na pembeni kaimati, sambusa, uji mtamu, na sote na mawifi tunakaa sinia moja. Ikimalizika hiyo ndio Sikukuu, siku nne za kuzunguka majumbani. Siwezi kupikiwa changu peke yangu na sitaki nionekane najitenga. Naomba vipimo hasa, maana "kula kwa kiasi" kila mtu anaisema.

Lishe_Chake

Waalaykum salaam bibie. Usigombane na muhogo, gombana na tui. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9, na nyama ya nazi iliyokomaa theluthi nzima ni mafuta. Vipande viwili vya muhogo uliochemshwa, gramu 150 hivi, ni kama kalori 240. Miminia upawa wa tui zito juu yake na hesabu hiyo huitambui tena.

Kama una sauti jikoni, pendekeza hivi. Kilo moja ya muhogo, nazi moja badala ya mbili. Chuja kasimile, yaani tui la kwanza lililo zito, nusu kikombe, weka kando. Machicha hayo hayo yakamulie tui la pili, vikombe viwili. Chemsha muhogo kwa maji na chumvi mpaka uanze kulainika, mwaga maji, tia tui la pili na kitunguu, tangawizi, bilibili nzima isiyopasuliwa. Likishapungua ndipo unamimina kasimile, moto mdogo, dakika tano, unakoroga taratibu bila kufunika. Wengi hutia kasimile mapema kisha wakaacha sufuria ichemke kwa nguvu. Tui hukatika, mafuta yanaelea juu, chakula kinaonekana kikavu, na mpishi anaongeza nazi nyengine kukiokoa. Hapo ndipo nazi ya pili inapoingilia. Kasimile ikiingia mwisho ladha yake iko mbele, na mama mkwe hatouliza nazi imekwenda wapi.

Ukiulizwa kesho kipikwe nini, sema shelisheli au viazi vitamu. Kwa gramu 100 muhogo ni kalori 160 hivi, majimbi 140, shelisheli karibu 100, viazi vitamu chini ya 90. Tofauti hiyo kwa mwezi mzima si ndogo.

Kuhusu sinia, adabu yenyewe inakusaidia: mtu hula mbele yake. Vipande viwili vilivyo mbele yako ndio robo yako ya wanga, vikimalizika usivuke mpaka. Wewe jitolee kupika mboga, bakuli kubwa la mchicha au matembele, tena lisiwe la nazi ikiwa futari tayari ni ya nazi, ukaliweke katikati. Watu watakushukuru, na wewe nusu sahani yako umeipata bila kuitangaza.

Jiko_la_Mwembetanga

Nyongeza kwenye vya kukaanga, maana hapo ndipo vijiko vyako viwili vya mafuta vinapopotea bila kuonekana.

Cha kukaanga lazima kinywe mafuta kidogo, lakini hunywa mengi zaidi mafuta yakiwa hayajapata moto. Yanatakiwa nyuzi 170 mpaka 180. Kipimajoto huna, basi chovya ncha ya mwiko wa mbao: vipovu vikiizunguka mara moja, tayari. Vikija kimoja kimoja, subiri. Yakitoa moshi yamepita, kaimati itapiga weusi nje na ndani unga mbichi. Na usijaze karai. Kila unachotumbukiza kinapoza mafuta, ndio maana kaimati za mwisho, zinazomiminwa kwa haraka adhana ikikaribia, huwa zinachuruzika mafuta kuliko za mwanzo. Mafuta yaliyokwishakuwa meusi na kutoa povu nayo hushika zaidi kwenye chakula. Usiyabebe wiki nzima.

Sambusa hazihitaji karai kabisa. Manda zile zile, nyama kavu iliyochujwa maji yake, funga kwa gundi ya unga, pakaza mafuta kwa brashi pande zote mbili, oveni nyuzi 200, dakika 15 hadi 20, uzigeuze katikati. Usipopakaza mafuta manda hukauka na kupasuka kwenye pembe, na watu watasema sambusa za oveni mbaya wakati kosa si la oveni. Kijiko kimoja na nusu cha mezani kinatosha sambusa 20. Kachori usijaribu kuoka, ule unga wa kuchovya hutiririka wote kwenye trei kabla haujashika. Katlesi inakubali: kikaango, mafuta kidogo, upande kwa upande.

Kaimati sasa. Unga vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, tui jepesi kikombe na robo, piga kwa mkono mpaka uvutike, uumuke saa moja. Chota kwa kijiko cha chai, zitoke 30 hivi. Balaa liko kwenye shira. Sukari kikombe kizima kwa kaimati 30 ni zaidi ya gramu sita kwa kila moja, kwa hiyo tatu tu zinakaribia vijiko vitano vya chai. Fanya robo kikombe ya sukari na maji vijiko vitatu vya mezani, iliki, chemsha mpaka shira ivutike kama uzi kati ya vidole, epua, mwaga kaimati zote na upepete sufuria mpaka sukari igande nje. Shira ikiwa nyepesi inazama ndani na kaimati inalegea. Ikiwa nzito inabaki juu, ulimi unaikuta kwanza. Tamu ni ile ile, sukari ni robo.

kaskazi_tupu

Mnazunguka mno. Vya kukaanga aache mwezi mzima, basi.

Jiko_la_Mwembetanga

Kaka, anaishi na wakwe. Sahani ya sambusa itapita mbele yake kila magharibi. Anayejikatalia kila kitu mara nyingi hukutwa saa nne za usiku amesimama peke yake mbele ya bakuli la kaimati zilizobaki. Sambusa moja na kaimati mbili, ziliwe mezani na wenzake, baada ya samaki na mboga. Kabla ya hapo hapana, maana tumbo tupu halihesabu.

Mpemba_wa_Wete

Mmesema futari, daku mmeisahau, na mfungo unaharibika au kutengenezeka daku.

Kuna wanaoacha daku wakidhani wanapunguza kula. Mfungo wetu huku ni karibu saa 13 na nusu. Asiyekula daku anafika magharibi amepita saa 20 na zaidi, na hapo ahadi ya vipande viwili vya muhogo haina mwenyewe. Wengine hula mkate wa bofulo na chai ya sukari. Ikifika saa tatu asubuhi tumbo linaunguruma, kwa sababu unga mweupe na sukari vinamalizika haraka. Daku ya kukaa ni kama hivi: chooko (choroko) au kunde bakuli moja, mayai mawili ya kuchemsha, na kipande cha mkate wa mofa au wali wa jana kiasi cha ngumi. Au uji wa mtama wenye vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, na ndizi mbivu. Epuka dagaa wa chumvi, achari na papa mkavu saa hiyo. Chumvi ndiyo inayokuletea kiu ya adhuhuri.

Maji: Ramadhani za miaka hii zinaangukia kaskazi, jasho si la mchezo. Glasi nane mpaka kumi kati ya magharibi na alfajiri. Mbili wakati wa kufuturu, moja moja kila saa mpaka kulala, mbili daku. Anayekunywa lita nzima dakika tano kabla ya adhana anaipeleka chooni karibu yote kabla ya saa mbili asubuhi.

Na wanywaji wa chai na kahawa, anzeni wiki moja kabla, mkipunguza kikombe kimoja kila siku mbili. Maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo wengi huyabebesha njaa kumbe ni kafeini iliyokatwa ghafla.

Bint_Jangombe

Ahsanteni sana, hii ya shira naifanya kabla hata Ramadhani haijaingia. Nina mawili tu. Uji wetu hutiwa sukari sufuria zima, sijui nakunywa kiasi gani. Na Sikukuu hamjaigusa.

Lishe_Chake

Uji: kikombe kikubwa kilichokolea sukari huwa na vijiko viwili vya mezani, yaani gramu 25, na hapo vijiko vyako sita vya siku nzima vimekwisha kabla hujagusa kaimati. Omba uji upikwe na iliki, pilipili manga na chumvi kidogo bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani kila mtu ajitilie. Hakuna atakayeona ajabu. Wewe ponda tende mbili ndani yake. Tende ndogo moja ina sukari kama gramu tano, lakini inakuja na nyuzinyuzi. Ukifungulia tende tatu, hizo mbili zihesabu humo humo, zisiwe za ziada. Sharubati ya ukwaju nayo iangalie sana, uchache wa utamu wa ukwaju huwafanya watu wamimine sukari bila kuhesabu. Tikiti au chungwa lenyewe ni bora.

Mpangilio wa magharibi uwe huu: tende, glasi mbili za maji, sali, rudi. Zile dakika kumi za sala ndizo zinazokata pupa. Ukirudi anza na mboga na samaki, vibua vya kuchoma au mchuzi mwepesi wa changu, wanga uje mwisho. Kwa utaratibu huo sukari ya damu hupanda polepole kuliko ukianza na ndizi na uji.

Kwa wanaosoma na wana kisukari: haya yote hayatoshi kwenu. Muoneni daktari wiki sita mpaka nane kabla, maana dozi na saa za dawa hubadilishwa. Kipimo cha sukari ya damu kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, au kupita 16.6, mfungo unavunjwa saa hiyo hiyo, hata ikiwa imebaki nusu saa ya magharibi.

Jiko_la_Mwembetanga

Sikukuu nichukue mie.

Asubuhi kabla ya sala ni tende kwa witiri (moja, tatu au tano), hiyo ni sunna na inatosha. Ukirudi, kabla ya kuvaa kanga mpya na kuanza mizunguko, kula nyumbani mayai mawili na tunda. Mwenye njaa hawezi kutembelea nyumba sita za Zanzibar akatoka salama.

Chagua nyumba moja kwa siku ya kula chakula hasa. Sikukuu mosi mara nyingi ni kwa mama mkwe au kwa wazazi, ndiko kwenye pilau. Upawa mmoja wa pilau, nyama vipande viwili, na kachumbari ijae nusu sahani. Pilau ikishatiwa sahani haiongezwi. Viazi vya ndani ya pilau ni wanga, usiviite mboga. Nyumba nyengine zote ni kuonja: tambi za sukari vijiko vitatu, au kipande kimoja cha halua ukubwa wa kibiriti, siyo vyote viwili. Halua ni sukari, wanga na samli, hakuna kona ya kujifichia humo, lakini inakwenda na kahawa chungu isiyotiwa kitu, na kipande kidogo na vikombe viwili vya kahawa vinakufikisha mwisho wa mazungumzo. Soda ya chupa ni sukari vijiko karibu tisa vya chai, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuikataa kwanza. Omba maji, hakuna anayekasirika kwa maji.

Ukilazimishwa, usiseme "niko kwenye mpango." Mwenyeji atausikia mpango wako kama aibu ya chakula chake. Sema, "Shangazi, mkono wako naujua, nifungie nikale kwa utulivu nyumbani." Kinachofungwa hugawiwa watoto wa mtaani kabla ya magharibi.

Jioni za kuwapeleka watoto Mnazi Mmoja au Kariakoo ya hapa Unguja, ukitaka urojo agiza hivi: viazi, yai moja, mishikaki miwili, supu kiasi, bila bajia wala chipsi za muhogo za juu, chatne ya nazi kijiko kimoja. Muuzaji anakuelewa vizuri, ila mwambie kabla hajaanza kuchota, maana mkono wake una kasi.

Mpemba_wa_Wete

Na kama unakusudia funga sita za mwezi wa Shawwal, zinaanzia Sikukuu pili. Ukisubiri visheti vya nyumbani vimalizike kwanza, hutozianza.

kaskazi_tupu

Haya, nimeshindwa. Nazi moja kwa kilo ya muhogo, je kwa ndizi mzuzu mbivu?

Lishe_Chake

Nusu nazi, na sukari usitie kabisa, ndizi ikiwa imeiva mpaka ganda lina madoa meusi haina haja nayo. Zikate nene, tui la pili tu, dakika 15, kasimile vijiko vinne mwisho. Ukizikata nyembamba zitavurugika na utapata uji.