Gumzo la ukoo: Brayan na matunda ya miiba

Mama Brayan: Shikamoo wifi Eliaika. Brayan yuko Marangu kwa babu yake, kanitumia hii. Kala kiganja kizima, eti blakiberi 😳 [picha]

Eliaika: Marahaba. Hapo naona tunda tupu na vidole vichafu. Apige picha jani na shina.

Joe: Dada nawe! Sisi tumekula hayo tangu tukikata majani ya ng'ombe. Mwacheni mtoto.

Eliaika: Joe, wewe ulionyeshwa na wakubwa. Huyu kakulia mjini, Majengo, hata lantana ya kwenye ua ataiita blakiberi. Nayo ina vijimiiba na vipunje vyeusi vinang'aa. Ng'ombe akiila sana macho yanakuwa ya njano, ngozi inababuka juani.

Mama Brayan: Wifi usinitie presha 🙏

Brayan: Shikamoo shangazi. Jani hili [picha]

Eliaika: Marahaba baba. Sasa tunaongea. Kikonyo kimoja, vijani vitano, pembeni meno meno, na mwiba umepinda kama ukucha wa paka. Lantana jani lake ni moja moja, yanakaa mawili yakitazamana, linakwaruza, ukilifikicha linanuka. Ulipochuma, tunda lilitokaje?

Brayan: Lilichomoka lote, ndani wazi. Kitu cheupe kikabaki mtini.

Eliaika: Basi si lantana. Ni ndugu yake blakiberi, aina ya rasiberi; blakiberi yenyewe hutoka na kile cheupe ndani. Punje zimeshikana kama kofia. Za lantana zinatoka moja moja, kila moja na kokwa lake.

Joe: Si nilisema?

Eliaika: Ulisema kabla ya kuona jani.

Mama Brayan: Asante wifi. Tumbo linauma, Brayan?

Brayan: Hapana mama. Nataka mengine.

Eliaika: Meusi yaliyolainika tu. Usilolijua usilionje, piga picha kwanza. Ndulele hata usiiguse. Na ulichumia wapi?

Brayan: Mpakani, karibu na kahawa ya jirani.

Eliaika: Eh! Kahawa ile imepigwa dawa?

Babu: Alipiga mrututu juzi, ile dawa ya shaba. Matone ya bluu bado yako kwenye majani.

Mama Brayan: 🙆🏾‍♀️

Eliaika: Shikamoo baba. Anawe mikono na mdomo, hapo asichume tena. Akianza kutapika apelekwe zahanati, na mseme amekula nini na dawa gani. Msimpe maziwa mkajiona mmemtibu.

Babu: Marahaba. Yuko bombani ananawa. Kesho nampeleka kule chini mferejini, kuna kichaka hakijawahi kuona dawa.

Joe: Baba, nikija Jumamosi nikute yamebaki.

Brayan: Baba mdogo wahi 😂