AC ya gari inamwaga maji ndani upande wa abiria, naombeni ushauri

Wakuu, habari za mchana. Nina Toyota IST, natembelea hapa Dar. Wiki ya pili sasa, nikiwasha AC zaidi ya nusu saa, kapeti la abiria wa mbele linalowa. Mwanzo nilidhani mwanangu kamwaga chupa yake ya maji. Juzi nakata kona nikasikia maji yanacheza ndani ya dashibodi, na leo nimebonyeza kapeti kwa kidole yakajaa hadi kwenye kucha. Madaftari ya mtoto yameharibika. Ubaridi uko vilevile. Fundi mmoja anasema evapoleta (kile kifaa cha kupoza hewa ndani ya dashibodi) imetoboka, tubadilishe na kujaza gesi upya. Hela aliyotaja ni karibu kodi yangu ya miezi miwili. Nisaidieni kabla sijatoa.

Mzee wa Spana: Usitoe hata mia. Evapoleta ikitoboka inavuja gesi, na ubaridi ungeshaisha. Hayo maji yanatoka kwenye hewa yenyewe, kama soda ya baridi inavyotoa jasho ukiiweka mezani. Yakishuka kwenye evapoleta yanapokelewa na kibeseni, kisha yanatoka nje kwa mpira mdogo. Ukipaki AC ikiwa inafanya kazi, chini ya gari panalowa?

Mleta uzi: Pakavu kabisa mkuu. Zamani palikuwa na kidimbwi kila nikipaki.

Mzee wa Spana: Basi mpira umeziba.

Kibaraza: Hakikisha kwanza ni maji matupu. Yakiwa na utelezi, rangi ya kijani au pinki, na harufu tamutamu, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) inavuja kwenye hita, usiendeshe hivyo maana injini itachemsha. Na kama linalowa siku za mvua tu, angalia majani yaliyoziba matundu chini ya waipa.

Fundi Tabata: Nafanya kazi hii kila wiki. Acha injini ipoe, nyanyua gari uweke stendi, usiingie chini kwa jeki peke yake. Mpira unatokea kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Naomba sana, usichomeke waya mgumu. Ndani kuna mapezi laini ya alumini, ukiyatoboa ndipo utanunua evapoleta kweli. Upepo wa kompresa ukiupeleka kwa nguvu unaweza kuchomoa mpira kwa ndani, maji yakazidi. Ni bora kuvuta uchafu kwa kuufyonza kutokea chini, na uso wako ukae pembeni. Halafu fungua droo ya abiria uangalie filta ya AC. Wengi wameitoa na hawakuirudisha, uchafu wote unaishia kwenye evapoleta.
Ukizibua na bado linalowa, angalia kama upepo unapungua ukienda mbali. Gesi ikipungua evapoleta inaweza kuganda barafu, ukizima inayeyuka kwa mkupuo.

Mama Wawili: Kaka, kapeti usilikaushe juujuu. Mimi nilizibua nikaliacha, baada ya wiki mbili uvundo ukanifanya nisafiri na vioo wazi, na soketi za waya chini ya kiti zikashika kutu. Chomoa betri, toa kiti, inua kapeti lote. Sponji ya chini ndiyo inayonywa maji.

Mleta uzi: Nimerudi, wakuu. Tumevuta kwa chini, kikatoka kidonge cha udongo mwekundu kimeshikana na vijani vya mwarobaini ninaopaki chini yake. Kisha maji yakafuata, ndoo ndogo ya rangi ikafika karibu nusu. Filta haikuwepo kabisa, kumbe miaka yote naendesha hivyo. Nimeweka mpya. Jana nimekwenda Kibaha na kurudi AC ikiwa imewaka, nimepaki nikainama kuangalia: kidimbwi kipo nje, ndani pakavu. Mama Wawili, asante dada yangu, kapeti lina siku ya pili juani na sponji upande wa chini bado ina unyevu.