Nina laki nane ya kujifunza sauti za laivu: kozi ya mtandaoni, chuo, au kufuatana na fundi?

KijanaWaMitambo:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nakabidhiwa mitambo ya kanisani kwetu, fundi aliyekuwepo amehama mkoa. Nina laki nane niliyoitenga kwa ajili ya kujifunza tu, vifaa vipo. Kuna kozi ya mtandaoni ya kulipia inayokula kama nusu ya hela hiyo, kuna chuo cha miezi mitatu hapa mjini, na kuna fundi mmoja wa maharusini anayekubali nimlipe niwe nafuatana naye. Wengine wananiambia ninunue vitabu. Ipi itanifikisha haraka? Naomba kuwasilisha.

MzeeWaSpika:
Mkuu, umeuliza njia bila kusema unatoka wapi. Mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) gani? Ya kidijitali au analogi? Kwaya ina maiki ngapi, na bendi ipo? Jengo lina dari au ni bati tupu? Na mji gani?

Bi_Soprano:
Ongeza hili: unataka Jumapili zikae vizuri au unataka iwe kazi ya kukulisha? Hayo ni masomo mawili tofauti.

Nyali_Sauti:
Wadau, hapa Mombasa mimi nimejifunza kwa YouTube tangu mwanzo na nafanya kazi hoteli za ufuoni. Weka hela yako, nunua bando. Ila chagua walimu. Ukiona anafundisha akiwa chumbani kwake na spika mbili za mezani, huyo ni wa studio. Studio maiki haikai mbele ya spika inayorudisha sauti yake yenyewe. Tafuta anayeonyesha ukumbi wenye watu.

FundiWaPwani:
Nyali, nakuheshimu, lakini wewe ulikuwa na hoteli ya kukoselea kila wiki. Ngoja nieleze yangu kwa urefu.

Niliwahi kulipa kozi ya wiki mbili, mahali sipataji. Tulikuwa 15, kompyuta 3. Tulifundishwa kurekodi na kupangilia sauti kwenye programu, tukapewa vyeti. Haikupita wiki nikapata harusi, watu kama 300. Mama wa bwana harusi akapewa maiki atoe nasaha, ikaanza kulia. Nikashusha, hasikiki. Nikapandisha, inalia tena. Nikakata ekolaiza (vitufe vya besi na sauti nyembamba) huku na kule mpaka sauti yake ikawa kama anaongea ndani ya ndoo. Akamrudishia MC maiki, akaenda kukaa. Alikuwa na karatasi mkononi, hakufika hata nusu. Mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Kilichotokea nilikuja kukielewa kwa fundi mzee aliyenichukua baadaye. Kosa halikuwa kwenye mikisa. Maiki ilikuwa superkadioidi, na monita, yaani spika ya kumrudishia anayeongea sauti yake, niliiweka nyuma yake kabisa, kama nilivyozoea kuona kwa maiki ya Shure SM58. Aina hizi mbili zote husikia zaidi mbele, ila kadioidi kama SM58 uziwi wake uko nyuma moja kwa moja, nyuzi 180. Superkadioidi huko nyuma inasikia kiasi, uziwi wake uko nyuma kwa pembeni, kwenye nyuzi 126 hivi. Ningesogeza monita pembeni tu, yule mama angemaliza. Na mchoro wake huwa umo kwenye karatasi ya ndani ya boksi la maiki. Kwa hiyo mimi nasema fundi. Atakushika mkono unapokosea.

KijanaWaMitambo:
Samahani wakuu. Niko Morogoro. Mikisa ni Behringer X32, imenunuliwa mwaka jana. Kwaya ya watu 40, maiki 8 za waimbaji, kinanda, gitaa la besi, ngoma. Bati tupu, hakuna dari. Kwa sasa ni Jumapili tu.

MzeeWaSpika:
Ungeanza na hayo! Basi usilipe chochote mwezi huu. X32 ina programu ya bure ya kompyuta, X32-Edit, unaifungua nyumbani hata mikisa haipo ukazoea kurasa zake zote. Pili, mikisa hiyo inarekodi chaneli 32 kwa waya wa USB. Rekodi ibada, Jumatatu rudi kanisani peke yako, irudishe kwenye chaneli zilezile uchanganye upya mara kumi. Kwaya yako mwenyewe, jengo lako mwenyewe. Kozi gani itakupa hiyo? Angalia tu kwamba jengo tupu linavuma kuliko lililojaa watu.

FundiWaPwani:
Mzee, rekodi haitamfundisha maiki kulia, maana maiki zimelala. Hapo bado anahitaji mtu.

MzeeWaSpika:
Hilo nakubali. Apunguze maiki basi. Kila ukizidisha mara mbili maiki zilizo wazi, unapoteza nafasi ya 3 dB (desibeli, kipimo cha ukali wa sauti) kabla hazijaanza kulia. Nane kwenda nne, amepata 3 dB bure.

Analogi_Daima:
Kidijitali kunalemaza. Anayeanza aguse analogi kwanza, aone geini (nguvu ya sauti inapoingia), ekolaiza na feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha) kwa macho, ishara inashuka kutoka juu kwenda chini. Vijana wanapiga picha mpangilio wa mtandaoni wanaubandika, hawajui geini ni nini.

Nyali_Sauti:
Geini ni geini, iwe kitufe au skrini.

Analogi_Daima:
Kwenye skrini anaona chaneli moja tu kwa wakati. Sauti ikilia saa hiyo, atafute ukurasa?

Bi_Soprano:
Kuhusu chuo: kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, pia. Popote uendako, uliza kama somo la sauti ni la jukwaani au la studio, usije ukapata ya FundiWaPwani. Na mimi ninayeimba naomba kitu kimoja, jifunze masikio. Kwetu spika zinatuchapa kila wiki. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni 85 dB kwa saa nane, kila ukiongeza 3 dB muda unakatwa nusu. Kwenye 100 dB una dakika 15. Ibada zetu zinachukua saa tatu, na watoto wanakaa viti vya mbele.

KijanaWaMitambo:
Bi_Soprano, sijawahi kulifikiria hilo, na watoto wetu wanakaa hapohapo. Nitawahamisha. Fundi wa harusi nimeongea naye, anataka laki tatu kwa harusi sita. Bado nafikiria.

Analogi_Daima:
Mikisa ya zamani mmeipeleka wapi? Mnaiuza?

KijanaWaMitambo:
Ipo stoo, ina chaneli 16. Ni mali ya kanisa, itabidi niulize kamati.

Analogi_Daima:
Uliza. Na kabla hawajaamua, iwashe uifanyie mazoezi.